TAHADHARI: tiketi za kaburi la Kaisari Augusto zinazouzwa mtaani Roma

Wadau mnaopita Roma someni hii kabla hamjaingizwa mjini kama mimi. Nilikuwa na shemeji, yeye anaishi Milano, tukataka kuliona kaburi la Kaisari Augusto, yule wa sensa ya kwenye Luka, lile jengo la duara lenye upana wa kama mita 87 karibu na Mto Tiber. Tumeshuka metro Spagna tunatembea zetu, hatujafika jamaa katufata, kitambulisho shingoni, mwavuli mwekundu, kusikia tunatoka Tanzania tu anatupiga "hakuna matata!" Eti tiketi za leo zimeisha dirishani ila yeye anazo mbili za bila foleni, euro 30 kwa kichwa, na 10 ya dhamana ya eafoni utarudishiwa ukitoka. Shemeji ananivuta shati, mimi mbishi nikatoa 80 kesh.

Katwambia tumsubiri getini dakika kumi akusanye wenzetu. Tumesimama saa nzima! Geti limefungwa, uzio kila upande, mafundi wanapiga kazi, nikamwonyesha mlinzi tiketi akacheka, kisha akamwita mwenzake naye aje acheke. Kumbe palifunguliwa Machi 2021 baada ya kufungwa miaka mingi, halafu pakafungwa tena kwa ukarabati. Ndo naiangalia ile tiketi vizuri sasa, karatasi ya risiti ya supamaketi, imeandikwa "Agusto", na QR ukiiskani inakuletea menyu ya piza, naapa. Eafoni zenyewe hazina hata pa kuchomeka.

Na ningekuwa nimesoma kidogo ningemshtukia mapema, maana alituahidi jeneza la dhahabu. Jeneza gani, Augusto alikufa mwaka 14 akachomwa, humo yaliwekwa majivu tu na hayo majivu yalishapotea karne nyingi. Pale pamekuwa ngome, pamechezwa ng'ombe (ndio, kama Pemba), pakawa ukumbi wa muziki hadi 1936.

Kwa hiyo kama pamefungwa zungukeni kwa nje, bure kabisa. Mkitaka kuingia ndani ya kaburi la kaisari kweli nendeni Castel Sant'Angelo ng'ambo ya mto, ndo kaburi la Hadrian, kama robo saa kwa mguu, tiketi unakata dirishani au kwenye tovuti yao, na unapanda ile njia ya kuzunguka gizani waliyoijenga Warumi wenyewe. Sisi tulienda kesho yake, safi sana. Akitokea wa kukuuzia "kaburi la Julius Caesar" pia mkatae, pale Forum, yale magofu ya uwanja wa kale katikati ya Roma, ni alipochomwa tu, kilima cha udongo chini ya paa, watu wanatupia maua, na tiketi ya Forum inatosha.

Shemeji kapita juzi, anasema jamaa bado yupo kona ileile, ila mwavuli saivi wa njano.