MRI ya mgongo wa chini kwa kijana: tathmini ya huduma

Vijana wa kiume wanaofika kwangu kwa ajili ya mazoezi tiba huja wengi wao wakiwa wamekwisha kupigwa picha, na swali lao la kwanza huwa ni kama kipimo cha MRI, yaani picha za ndani ya mwili zinazopigwa kwa sumaku yenye nguvu, kilistahili gharama na usumbufu wake. Kwa maoni yangu mtambo wenyewe unastahili sifa unazopewa. Hata hivyo, ubora wa huduma hutegemea zaidi maneno ambayo daktari huandika kwenye fomu ya kuombea kipimo, na jinsi ripoti inavyosomwa baadaye, kuliko ukubwa au upya wa mtambo.

Kipimo si kigumu kwa mgonjwa. Huvua kila kitu cha chuma, huulizwa kama ana betri ya moyo au kipande cha chuma mwilini, kisha hulazwa chali na mto chini ya magoti, na huingizwa ndani ya mtambo kwa muda wa dakika 20 hadi 30 hivi. Kelele ni kubwa, kwa hiyo kinga ya masikio si ya hiari. Kituo kinachojali humpa kengele ya kubonyeza mkononi na kumsemesha kila awamu inapokwisha; mtu mwenye hofu hutikisika, na akitikisika picha huharibika. Jambo lenye uzito zaidi kwa kijana ni kwamba MRI haitumii mionzi ya eksirei, ambayo kwa picha za kiuno hupita karibu na viungo vya uzazi.

Kwa diski, yaani mito laini iliyo kati ya pingili za mgongo, na kwa neva, sijaona kipimo kinachoishinda MRI. Diski yenye maji ya kutosha huonekana nyeupe, iliyokauka huwa nyeusi, na iliyochomoza huonekana wazi inapogusa neva inayoshuka mguuni. Diski nyingi zinazochomoza ni zile mbili za chini kabisa, kati ya pingili ya nne na ya tano za kiuno, na kati ya ya tano na sakramu, mfupa ulio chini ya kiuno. Eksirei haionyeshi diski wala neva. Huonyesha mifupa na nafasi iliyo kati yake tu.

Tatizo ni kwamba MRI huona mengi mno. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2015, uliowahusu watu wasio na maumivu yoyote ya mgongo, ulikadiria kwamba asilimia 37 ya wenye umri wa miaka 20 wana dalili za kuchakaa kwa diski, na asilimia 30 wana diski iliyotokeza. Kwa hiyo ripoti inayoandika "diski imechakaa" na kuishia hapo humwacha kijana mwenye afya akijiona mzee. Nimewaona walioacha mpira, walioogopa kuinua ndoo ya maji, na hata waliokuwa wakiulizia upasuaji, kwa sababu ya mstari mmoja ambao hakuna aliyewafafanulia. Hili linanihuzunisha sana, kwa kuwa sentensi moja ya ziada, inayosema kwamba hali hiyo hupatikana pia kwa watu wasioumwa, ingewaepusha na hofu yote hiyo.

Wakati huohuo, kipimo kikifanywa kwa mazoea tu kinaweza kupita kando ya magonjwa yanayowapata hasa vijana. Kijana mmoja aliletwa kwangu na ripoti safi ya diski, ilhali maumivu yake yalimwamsha usiku wa manane, alfajiri mgongo wake ulikuwa umekakamaa kwa zaidi ya nusu saa, na nafuu aliipata akitembea, si akipumzika. Hizo ni dalili za uvimbe wa viungo vinavyounganisha sakramu na mifupa ya nyonga, ambao ndio mwanzo wa kawaida wa ankilosingi spondilaitisi, ugonjwa unaoanza kwa kawaida kabla ya umri wa miaka 45. Picha za kawaida za kiuno hazikuwa zimevielekea viungo hivyo, na fomu ilikuwa na maneno "maumivu ya mgongo" tu. Aliporudishwa na maelezo kamili, uvimbe ulionekana. Eksirei ingeweza kuchukua miaka kabla ya kuonyesha chochote.

Hali kadhalika kwa ufa wa mfupa mwembamba ulio nyuma ya pingili, hasa ya tano, ambao huwapata wanaojikunja kwa nyuma na kujizungusha mara kwa mara, kama wanasarakasi na warushaji wa mpira wa kriketi. CT scan, yaani picha za eksirei zinazoonyesha mwili vipande vipande, huonyesha ufa wenyewe vizuri zaidi, ila kwa mionzi. MRI huweza kuonyesha mfupa uliochokozwa hata kabla haujapasuka, mradi zipigwe picha zinazofifisha mafuta.

Simshauri kila anayeumwa kukimbilia huduma hii. Maumivu ya kawaida yasiyo na dalili za hatari hupewa wiki 6 hivi za matibabu na mwendo kabla ya picha, na wengi hupata nafuu. Lakini ganzi sehemu za siri na makalioni, mkojo kugoma kutoka, au miguu yote miwili kulegea ni dharura ya siku hiyohiyo.

Jambo la mwisho ni picha zenyewe. Vituo vingine hutoa filamu moja yenye picha chache zilizochaguliwa. Daima dai CD yenye picha zote. Kipande cha diski kilichochomoza mara nyingi hunywea chenyewe kwa miezi kadhaa, na bila picha za awali zilizo kamili, daktari atakayeangalia baadaye hatakuwa na cha kulinganishia.