Wahandisi wa Hewa Walionivunjia Feni Yangu Mpya: Tathmini ya Huduma Yao

Jengo letu la ghorofa nne karibu na River Road, Nairobi, lina mkahawa chini, chuo cha kompyuta ghorofa ya kwanza, na vyumba vya kupanga juu. Wapangaji walilalamika kwamba nguo zao zinanuka mafuta ya chapati, walimu wakasema wanafunzi wanasinzia kabla ya saa nne, nami nikanunua feni kubwa ya kutoa moshi jikoni nikidhani nimemaliza kazi. Ilipoonekana haisaidii, niliwaita wahandisi wa kampuni ndogo ya hapa mjini.

Hawakuanza kwa kuniuzia kitu, na kwa hilo peke yake niliwaheshimu. Mhandisi aliwasha kijiti cha udi, akakishika chini ya mlango wa jikoni, akasema, "Mama, hebu tazama moshi unavyokimbilia ndani." Feni ilikuwa ikivuta hewa ambayo haikuwa na pa kuingilia, ndiyo maana mlango ulikuwa mzito kufunguka na moshi uliendelea kutanda juu ya jiko. Kibaya zaidi, ile hewa yenye mafuta ilitolewa kwenye uwazi wa katikati ya jengo, na kwa kuwa hewa ya moto hupanda, ilipita dirisha kwa dirisha hadi kwa wapangaji. Feni ikang'olewa, ikawekwa nyingine ndogo. Bomba likapandishwa hadi juu ya paa, kifuniko cha kukusanya moshi kikafanywa kipana kuliko jiko lenyewe, na ukuta wa nyuma ukatobolewa matundu ya kuingiza hewa safi.

Darasani tatizo lilikuwa lingine kabisa. Madirisha yako upande wa barabara tu, nayo hufungwa kwa sababu ya honi za matatu, kwa hiyo kipimo cha kaboni dioksidi, gesi tunayoitoa tukipumua, kilipita 2,000 katikati ya asubuhi, ilhali hewa ya nje huwa na takriban 420 kwa kila sehemu milioni. Walifungua matundu ya juu kwenye ukuta wa pili, yanayotazama ule uwazi ambao sasa hauna moshi wa jikoni, ili hewa ipenye kutoka upande mmoja hadi mwingine. Nilipendekeza tutumie ngazi kama dohani ya kupandishia hewa, kwa kuwa haigharimu chochote. Wakakataa katakata, wakieleza kwamba siku jengo likishika moto, moshi utafuata njia hiyo hiyo wanayokimbilia watu.

Vyumbani juu hapakuhitajika mashine. Matundu yaliyo juu ya madirisha yalikuwa yamezibwa kwa magazeti, na simlaumu mtu yeyote aliyelala Nairobi mwezi wa Julai, lakini baadhi ya wapangaji hao huwasha jiko la makaa ndani, na monoksidi ya kaboni, gesi ya sumu inayotoka kwenye makaa, haina harufu ya kumwamsha aliyelala. Wahandisi waliyafunika matundu kwa vibati vilivyoinama, vinavyoielekeza hewa baridi darini badala ya kitandani. Tangu hapo sijaona gazeti.

Ripoti yao ina ukurasa mmoja ambao ningemshauri kila mwenye jengo ausome: kwa kuwa Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya bahari, hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa kiasi cha asilimia 15, hivyo feni ile ile hubeba joto pungufu huku. Kurasa nyingine zimejaa istilahi ambazo ilibidi nipige simu kuulizia.

Nawapa nyota nne kati ya tano. Michoro ilichelewa wiki tatu, mkahawa ukafungwa siku mbili zaidi ya tulizokubaliana, na feni ya paani inatetemesha dari ya chumba kimoja cha ghorofa ya juu. Wameahidi kuja kuweka vipande vya mpira chini yake. Mpangaji wa chumba hicho huniuliza kila Jumamosi.