Rili ya kuvulia ukiwa nchi kavu: kabla ya bei, kagua kigurudumu

Tangu niandike kuhusu fimbo, malalamiko kuhusu rili, kile kifaa cha fimboni kinachokunja mshipi, yanayokuja kwenye simu yangu ni yaleyale. "Dada, mshipi unajisokota, ukiutoa kwenye bobini unasimama kama nywele zilizokosa mafuta. Nibadilishe mshipi?" Kuna kaka mmoja wa Himo kila mwisho wa mwezi ananunua mshipi mpya, na kila ukikatika anailaumu Uchina nzima.

Kaka, mshipi hauna kosa. Kosa liko kwenye kigurudumu.

Chukua rili yako uitazame. Kuna ule waya unaoufungua kabla ya kurusha na kuufunga kabla ya kuvuta. Pale waya unapoishia upande mmoja, kuna kipande kidogo cha chuma cha mviringo ambacho mshipi unakilalia: hicho ndicho kigurudumu. Mshipi unatoka kwenye fimbo umenyooka, unafika pale, unapiga kona kali, kisha unaingia kwenye bobini. Kona hiyo inabeba uzito wote wa samaki. Kigurudumu kikizunguka, mshipi unapita salama. Kikigoma, mshipi unasuguliwa mahali pamoja siku nzima, unajisokota, na baada ya muda chuma chenyewe kinachimbika mfereji mwembamba. Pitisha ukucha juu yake. Ukucha ukikwama, ujue ndicho kisu kinachokukatia mshipi.

Anayevulia chambo cha minyoo anaweza asilione tatizo hili kwa miezi. Anarusha, anatulia, anakunywa chai. Sisi tunaorusha chambo bandia ndio tunaoumia, maana kazi yetu ni kurusha na kuvuta, kurusha na kuvuta. Wanaovuka Namanga kufuata samaki aitwaye besi kwenye Ziwa Naivasha, Kenya, wananielewa. Yule samaki aliletwa pale kutoka Marekani mwaka 1929 na tabia zake hazijabadilika: anajibanza kwenye majani na magogo, anasubiri kitu kipite mbele ya mdomo. Ukiwa nchi kavu huna mtumbwi wa kukupeleka karibu naye, kwa hiyo unarusha mbali na kuvuta mshipi mrefu kila mara. Halafu chambo chenye kibati kinachozunguka nacho kinausokota mshipi kwa upande wake. Kigurudumu kibovu ukichanganya na kibati, jioni unarudi na fundo. (Na kule Naivasha, matete yakitikisika bila upepo, acha fimbo uondoke. Kiboko hana habari na rili yako.)

Mambo mengine siyarudii, mnayajua. Fimbo ya futi 7, rili ya ukubwa namba 2500 au 3000, mpini unaohamia upande wowote, basi. Rangi chagua unayoipenda.

Jaribio lenyewe halihitaji fundi. Nenda dukani na kipande cha mshipi uleule unaoutumia, kalamu ya maka, na chupa ya maji ya nusu lita iliyojaa. Weka nukta ya wino pembeni mwa kigurudumu. Funga chupa kwenye mshipi, upitishe mshipi juu ya kigurudumu, chupa ining'inie, kisha vuta polepole kwa mkono mwingine huku ukiitazama nukta. Nukta izunguke pamoja na mshipi. Ikisimama huku mshipi unapita, rudisha rili kabatini. Usikubali muuzaji akuzungushie kwa kidole na kusema "si unaona, inazunguka". Kwa kidole zote zinazunguka; shida inaanza panapokuwa na uzito. Na usitumie mshipi mnene wa kuazima pale dukani, kwa sababu ule mwembamba wa kusuka ndio unaoteleza juu ya chuma bila kukizungusha.

Halafu ile hesabu ya beringi kwenye boksi isikuzubaishe. Boksi linaweza kujisifia beringi kumi na kitu, lakini halikuambii zimekaa wapi. Zinaweza kurundikwa kwenye mpini, mahali ambapo mnunuzi anazungusha akiwa dukani na kusema "laini hii!", huku kwenye kigurudumu kumewekwa bushi ya plastiki, yaani kijipete kisicho na gololi. Bushi nzuri iliyokaa sawa naikubali. Beringi iliyojaa vumbi la Lang'ata, kule Mwanga, siikubali hata iwe ya dhahabu.

Sasa upangaji wangu, na upendeleo wangu siufichi.

Namba moja ni Shimano. Ukitaka ya kati chukua Sedona, ukiwa na nafasi zaidi chukua Nasci. Ni jina lilelile mnaloliona kwenye gia za baiskeli za watalii pale Arusha mjini, na ndiyo sababu yangu. Kampuni ilianza mwaka 1921 huko Sakai, Japani, ikitengeneza friwili za baiskeli. Watu walioanzia kwenye kitu kidogo kinachotakiwa kuzunguka bila kugoma ndio ninaowaamini na kigurudumu changu. Mtasema hiyo si hoja ya kitaalamu. Sawa. Lakini kati ya rili zote nilizozipima kwa chupa, hizi ndizo nukta inazunguka tangu mvuto wa kwanza, bila kusitasita. Ni nyepesi pia, na kwa kazi ya kurusha kutwa nzima mkono utashukuru.

Namba mbili, Daiwa BG. Mwili wake ni wa alumini, meno yake ya ndani ni makubwa, imetengenezwa kwa ajili ya vurugu. Kwa besi naona ni nzito kupita mahitaji. Ila kama unaigawanya kati ya Naivasha na kambare wa bwawa la Nyumba ya Mungu, inaweza ikakufaa kuliko chaguo langu, na hilo nalisema kwa shingo upande.

Namba tatu ni Penn Battle. Wamarekani hawa wa Philadelphia wako kazini tangu 1932 na sifa yao ni ya baharini. Breki yake ya sahani za kaboni inamshika kambare mkubwa bila kulia. Kwa ziwani ukiwa umesimama kwenye tope na chambo chepesi, ni kutumia lori kupeleka barua. Wa Tanga na Pangani wainunue kwa moyo mweupe.

Seti za bei ya chini, zile za fimbo, rili, mshipi na ndoano kwenye mfuko mmoja wa plastiki: mnunulie mtoto akachezee Ziwa Duluti, ambako kurusha karibu kunatosha. Sina zaidi.

Sasa niwageukie wauzaji, maana wamenichosha. Mjini kwetu rili haina duka lake. Inakaa kwenye kabati la kioo la duka la michezo, kati ya vikombe vya ligi na pampu za mpira, jua la saa nane likiipiga usoni mwaka mzima. Grisi iliyowekwa kiwandani inakauka humohumo. Ukiomba itolewe uipime, kijana anakuuliza, "Mama, unamnunulia mzee?" Namjibu mzee anavua usingizi. Ukitoa chupa ya maji anamwita bosi. Kuna duka moja nilikatazwa kabisa kupitisha mshipi, eti nitaichakaza. Rili! Kitu kilichoumbwa kupitisha mshipi!

Bei nayo haijaandikwa popote. Inatajwa baada ya kutazamwa viatu vyako na gari uliloshukia. Ukilalamika unaambiwa kodi. Haya, VAT ni asilimia 18, tunaijua, tunailipa kwenye sabuni na soda. Basi nipe risiti ya EFD. Hapo ndipo mashine inakuwa "haina mtandao", au bei inapanda mara ya pili kana kwamba ile ya kwanza haikuwa na kodi ndani yake. Ukiwa na mtu wa kuaminika anayerudi kutoka Nairobi kwa shatoli, mwambie akuulizie bei kule kabla hujafungua pochi hapa. Na mpe ile kalamu ya maka, asione aibu.

Ukinunua hapa, kaza uzi kwenye mambo mawili: upime mwenyewe palepale kaunta, na risiti iandikwe jina la rili na namba yake, si "vifaa vya michezo". Siku ukirudi na kigurudumu kilichogoma, "vifaa vya michezo" inaweza kuwa hata filimbi ya refa.

Ukishaipata, itunze. Baada ya kila safari ya bwawani futa kigurudumu kwa kitambaa chenye unyevu, kisha tone moja la oili ya cherehani pembeni mwake, zungusha, futa iliyozidi. Usiweke grisi pale. Grisi inashika vumbi, na vumbi la njia ya kwenda Nyumba ya Mungu wakati wa kiangazi mnalijua wenyewe. Na kabla hujafunga safari, piga simu kuulizia kibali na kama uvuvi umefunguliwa. Bwawa lile limewahi kufungwa ili samaki wazaliane.