Siku tatu Varenna, Ziwa Como: lala huko huko

Nilishauriwa kwamba Ziwa Como, kaskazini mwa Italia, ni la kwenda na kurudi siku hiyo hiyo kutoka Milano. Nashukuru sikusikiliza. Treni kutoka stesheni ya Milano Centrale hadi Varenna, mji mdogo wa kando ya ziwa, ni kama saa moja. Kaa upande wa kushoto, maana ukishapita Lecco ziwa linaanza kuchungulia kati ya mahandaki. Tiketi ya karatasi uigonge kwenye mashine ya stesheni kabla ya kupanda, usije ukatozwa faini.

Mchana Varenna hujaa. Siku ya kwanza foleni ya kivuko cha kwenda Bellagio, mji wa ng'ambo, ilinichosha, na safari yenyewe ni robo saa tu. Lakini jioni wageni wa siku moja wakishaondoka, mji unarudi kwa wenyewe, na ile njia nyembamba ya kando ya maji unaitembea ukisikia nyayo zako.

Kilichonishika zaidi ni upepo. Sisi wa pwani tunazijua pepo kwa misimu, kaskazi na kusi. Kule zinapokezana ndani ya siku moja: asubuhi Tivano hushuka kutoka kaskazini, mchana Breva huinuka kutoka kusini, na maji yaliyokuwa yametulia kama kioo yanaanza kucheza. Asubuhi zote tatu niliamka mapema nikakaa gatini kuungoja mgeuko huo.

Bellagio, kwenye ncha ya panda ambapo ziwa linagawika mikono miwili, ni pazuri ila bei zake kali. Ningeongeza saa hizo kwenye bustani ya Villa Monastero kule Varenna, inayofuata ukingo wa maji kwa karibu kilomita 2.

Lawama yangu ni kwa mwenye chumba nilichopanga. Tangazo halikutaja ngazi, nami nilipanda na sanduku hadi nikahema, kisha nikadaiwa kodi ya watalii juu ya bei niliyokwisha kulipa. Uliza mapema.

Na usiondoke bila kula missoltini: samaki wa ziwani waliotiwa chumvi, wakaanikwa juani, wakashindiliwa na majani ya mbei (bay leaf), kisha wakachomwa. Huliwa na polenta, yaani ugali wa mahindi ya njano. Aliyekulia ng'onda atawaelewa kwa tonge la kwanza. Nilikula jioni mbili mfululizo.