Karakana ya kompyuta jirani na soko la Mbuyuni, Moshi: huduma kwa kompyuta ya diski nyingi isiyowaka

Karakana hii iko ghorofa ya kwanza ya jengo lililo jirani na soko la Mbuyuni, na ninaiandikia tathmini kwa sababu inafanya jambo ambalo nimelikosa kwingine: inatafuta chanzo cha tatizo kabla ya kumshauri mteja apigiwe windo upya, yaani kuwekewa Windows upya. Kwa mwenye kompyuta ya diski moja huenda tofauti hiyo ni ndogo. Kwa sisi tunaotunza kazi za wateja katika diski tatu au nne ndani ya kompyuta moja, hapo ndipo biashara inapopona au inapokufa.

Kompyuta niliyoipeleka ni ya studio ya picha na video. Ina SSD (diski isiyo na sehemu zinazozunguka) ya GB 500 yenye Windows 11, hadidiski (diski yenye sahani zinazozunguka) ya zamani ya TB 1 iliyojaa picha za harusi na kipaimara, na hadidiski ya TB 4 inayohifadhi video. Asubuhi nyingine ilikuwa ikiwaka vizuri, asubuhi nyingine ikibaki na kioo cheusi chenye maandishi yanayosema kwamba hakuna diski ya kuanzishia mfumo. Fundi wa kwanza, wa sehemu nyingine, alihitimisha kuwa SSD imekufa, akashauri ninunue mpya na diski zote zifomatiwe, yaani zifutwe kabisa. Desemba ilikuwa mlangoni, na kila mwenye studio Moshi anajua uzito wa mwezi huo, watu wanaporudi nyumbani kutoka Dar es Salaam, Mwanza na ng'ambo, na harusi zikafuatana na sherehe za ukoo bila nafasi ya kupumua.

Fundi wa Mbuyuni alianza kwa maswali. Alitaka kujua diski ipi ilikuja na kompyuta, ipi iliongezwa baadaye, na Windows iliwekwa wakati diski zipi zikiwa zimechomekwa. Kisha akafungua kompyuta, akachomoa waya za data za hadidiski zote mbili, akabakiza SSD peke yake. Haikuwaka. Fundi mwenye haraka angeona hapo kwamba SSD imekufa kweli, lakini yeye aliingia kwenye BIOS, programu ya msingi inayotangulia Windows, akanionyesha kuwa SSD inatambulika kwa jina na ukubwa wake kamili, akaiwasha kompyuta kwa flashi ya Windows, na katika dirisha la amri akaorodhesha patisheni zote, yaani vipande ambavyo diski imegawanywa. Folda ya Windows ilikuwepo, nzima. Kilichokosekana ni ile patisheni ndogo yenye mpangilio wa faili wa FAT32, mara nyingi ya takriban MB 100, ambamo UEFI (BIOS ya kisasa) hutafuta faili za kuanzishia mfumo. Aliporudisha hadidiski ya zamani, patisheni hiyo ilionekana huko.

Maelezo aliyonipa yanafaa kujulikana na kila mwenye kompyuta ya namna hii. Windows inapowekwa kwenye diski mpya huku diski nyingine yenye patisheni ya kuanzishia ikiwa imechomekwa, mara nyingi programu ya usakinishaji huitumia patisheni hiyo iliyopo badala ya kutengeneza nyingine. Matokeo yake nyumba inajengwa kiwanja hiki na mlango wake unabaki kiwanja cha jirani. Diski zote mbili zikiwa na afya, mtumiaji hagundui chochote kwa miaka. Siku diski ile ya zamani inapoanza kuchoka, au mtu anapoiondoa ili auze, kompyuta inagoma, na lawama inaangukia SSD isiyo na kosa. Taarifa ya SMART, yaani ripoti ya afya ambayo diski hujitolea yenyewe, ya hadidiski yangu ya zamani ilionyesha sekta (vipande vidogo vya kuhifadhia data) mbovu zilizokwisha kuhamishwa na nyingine zinazosubiri, ndiyo maana baadhi ya asubuhi iliweza kusomeka na nyingine haikuweza.

Nilivutiwa zaidi na utaratibu wa tiba kuliko utambuzi wenyewe. "Dada, picha bado zinasomeka," aliniambia. "Tuanze na hizo, windo itasubiri." Alinakili picha zote kwenda kwenye diski ya TB 4 kabla ya kurekebisha chochote, kwa kuwa diski inayokufa inaweza kukata roho saa yoyote ikiwa inazunguka. Baada ya hapo aliitenga hadidiski hiyo ya zamani, akapunguza kidogo patisheni ya Windows kwenye SSD, akatengeneza patisheni mpya ya FAT32 katika nafasi iliyopatikana, na kuandika faili za kuanzishia kwa bcdboot, amri ya Windows ya kazi hiyo. Kabla ya kuandika amri hiyo alihakiki herufi za diski moja baada ya nyingine, kwa kuwa ukiwasha kwa flashi, patisheni uliyoizoea kama C inaweza kuonekana kama D, na kukosea hapo ni kuharibu kisichohusika.

Kompyuta iliwaka ikiwa na SSD pekee, na aliizima na kuiwasha mara kadhaa mbele yangu kabla ya kurudisha diski ya video. Alibadilisha pia betri ndogo ya mazabodi (bodi kuu ya kompyuta), aina ya CR2032, baada ya kuona saa imerudi nyuma. Betri hiyo ikiisha, mipangilio ya BIOS inaweza kurudi ilivyotoka kiwandani, pamoja na mpangilio wa diski ipi ianze, na kompyuta yenye diski nyingi ikaenda kutafuta mfumo mahali usipokuwepo.

Nililipa shilingi 60,000 za ufundi, na bei ilitajwa kabla kompyuta haijafunguliwa. Kunakili data kunatozwa peke yake kulingana na wingi wake, jambo ninaloliona la haki. Nina malalamiko mawili. Risiti imeandikwa "matengenezo ya kompyuta" tu, ilhali kazi ya aina hii inastahili karatasi inayosema nini kilikutwa, nini kilibadilishwa na faili za kuanzishia sasa ziko diski ipi, ili fundi mwingine asije akaanza upya. Pili, ngazi ni nyembamba na meza ya kupokelea kazi ni ndogo mno, hata kompyuta za wateja zinawekwa sakafuni penye mapito, na hilo silikubali kwa vifaa vyenye hadidiski.

Atakayekwenda apeleke kompyuta ikiwa na diski zake zote, hata ile anayodhani haina kazi, kwa sababu huenda ndiyo iliyobeba faili zinazotafutwa. Na kama Windows yake imewashwa ulinzi wa BitLocker, unaoifunga diski isisomeke bila ufunguo, aende na ile namba ya urejeshaji yenye tarakimu 48, ambayo mara nyingi hupatikana kwenye akaunti yake ya Microsoft. Kugusa faili za kuanzishia kunaweza kuifanya kompyuta iidai namba hiyo, na bila namba hiyo hata fundi huyu hataweza kufungua diski.