Seti za pampu ya insulini: ipi ununue kama zako zinajikunja, zinavuja au zinabanduka

Saa nane usiku sukari yangu ilisoma 19 mmol/L na pampu ilikuwa kimya. Dozi mbili za kushusha zilikuwa zimeshapigwa, na skrini ilionyesha zimeingia zote. Nilipobandua plasta tumboni, kanula, yaani kijibomba laini kinachopitisha dawa chini ya ngozi, ilitoka imekunjika kama unyasi uliokanyagwa, na chini ya plasta palikuwa na majimaji yenye ile harufu ya dawa ambayo kila mtumiaji wa insulini anaijua. Dawa ilikuwa inaishia juu ya ngozi. Pampu haikupiga alamu kwa sababu inachopima ni msukumo ndani ya mrija, na dawa inayovuja haikutani na kizuizi chochote.

Tangu usiku ule sichagui seti (mrija, plasta na kanula au sindano yake) kwa maneno yaliyoandikwa kwenye boksi. Naangalia ile niliyoitoa mwilini imeharibika vipi. Hebu fanya hivyo kwa seti zako tano zijazo, kila moja ukiishika karibu na taa: imekunjika? Ina damu ndani? Plasta imeachia upande mmoja? Halafu ndipo ununue.

Kwa mtu ambaye sukari inampanda ovyo saa chache baada ya kubadilisha seti, namba moja kwangu ni seti ya sindano ya chuma, inayobaki chini ya ngozi badala ya kanula. Haijikunji, basi. Unaichoma kwa mkono, na hakuna kanula ya kujaza dawa baada ya kuchoma. Nyingi zina plasta ya pili pembeni, pale mrija unapochomolewa, kwa hiyo mrija ukinasa kwenye kitasa cha mlango, mvuto unaishia kwenye plasta hiyo kabla ya kuifikia sindano. Gharama yake ni kwamba lazima uibadilishe kila baada ya siku 2, na wengine huihisi wanapoinama. Anza na ya milimita 6. Mwenye mzio wa nikeli aipite.

Namba mbili ni kanula laini ya mshazari, inayoingia kwa nyuzi 30 hadi 45 na kulala chini ya ngozi. Huwa na urefu wa milimita 13 au 17. Inawafaa sana watu wembamba, wenye misuli, na wanaohangaika mchana kutwa, maana haichomoki kirahisi. Nyingi zina kidirisha, unaona kanula inapoingia bila kubandua kitu. Sindano yake ya kuingizia ni ndefu na mara ya kwanza inatisha, sikufichi.

Kanula laini ya wima, ya milimita 6 au 9, ndiyo wengi wetu tuliyoanza nayo. Unafyatua, imeingia. Naiweka ya tatu kwa sababu ndiyo iliyonikunjikia, lakini kama wewe haijawahi kukusumbua, kaa nayo. Na usidhani mtu mnene lazima achukue ya 9: ngozi yenyewe ina unene wa kama milimita 2 kwa karibu kila mtu mzima, na mafuta yako hapo hapo chini yake.

Seti za siku 7 naziweka mwisho kwa mtu mwenye shida. Ni nzuri kama ngozi yako ni tulivu. Kama siku ya tatu pameshaanza kuwasha au plasta inainuka, hizo nne zilizobaki zitakutesa.

Kabla ya kulipa angalia kiungio. Pampu za sasa za Medtronic na za Tandem kila moja ina kiungio chake, na seti ya Luer (kiungio cha kawaida cha kuskrubu) haiingii humo. Pampu ya Omnipod haina mrija kabisa, hivyo haya ya seti hayaihusu. Mrija wa sentimita 60 unatosha wengi. Ule wa 110 unameza insulini zaidi na una nafasi kubwa zaidi ya kubeba viputo.

Kuna shida ambazo hakuna boksi litakaloziondoa. Ukipapasa tumbo ukakuta vinundu laini, hapo pamechoka. Hamia kwingine, hata kama hapo hapaumi, na hasa kama hapaumi. Insulini iliyotoka kwenye friji iache ipoteze ubaridi kabla ya kujaza tangi la pampu, la sivyo viputo vitajitokeza ndani ya mrija. Badilisha seti asubuhi, ili ikigoma uwe macho.

Na hili lisikupite: pampu inatumia insulini ya haraka tu, hakuna akiba mwilini. Sukari ikizidi 14 mmol/L (250 mg/dL) bila sababu, pima ketoni (asidi zinazojikusanya mwilini insulini inapokosekana). Zikiwepo, usiiamini pampu: piga dozi ya kushusha kwa kalamu au bomba la sindano kama daktari wako alivyokuelekeza, kisha weka seti mpya mahali papya. Ukianza kutapika, nenda hospitali.

Boksi moja huwa na seti 10. Omba kliniki wakupe mbili tatu za aina unayoifikiria, uzivae wiki nzima, na kila unapotoa moja, isogeze tena karibu na taa.