Kebo ya siriali yenye chipu ya FT232R: je, poti inabaki baada ya sasisho?

Mafundi wa mitandao, wataalamu wa maabara na wenye maghala yanayotumia mizani ya kielektroniki bado wanaitegemea poti ya siriali, yaani tundu la kupitishia data biti moja baada ya nyingine, ingawa kompyuta mpakato za leo haziji nayo tena, na kwa hiyo mawasiliano yao yote na rauta au mizani hupita katika kebo ya USB yenye chipu ndogo iliyofichwa kichwani. Mfumo endeshi unaposasishwa usiku, na asubuhi COM3, jina ambalo Windows iliipa poti hiyo, ikawa haionekani, mara nyingi chanzo ni chipu hiyo pamoja na draiva yake, yaani programu inayouwezesha mfumo endeshi kuwasiliana nayo. Kebo ninayoitathmini hapa ina kichwa cha pini 9 na chipu ya FT232R ya kampuni ya FTDI ya Glasgow, Uskoti. Nimeitumia katika Windows 11 na Ubuntu, mfumo endeshi wa jamii ya Linux, sambamba na kebo za bei nafuu zenye chipu za PL2303 na CH340.

Sifa yake kubwa ni kwamba chipu hubeba namba yake ya pekee ya utambulisho, na Windows huitumia namba hiyo kukumbuka kwamba kebo hii ndiyo iliyopewa COM3, hata ikichomekwa katika tundu jingine la USB. Kebo za CH340 kwa kawaida hazina namba hiyo, hivyo Windows huzitambua kwa tundu zilipochomekwa: ukihamisha kebo unapewa COM7, na programu ya mizani iliyoelekezwa COM3 inadai kwamba poti haipo, ilhali ipo kwa jina jingine. Kwa sababu hiyo, kabla ya kusakinisha chochote, fungua Device Manager, sehemu ya Windows inayoorodhesha vifaa, na uiagize ionyeshe hata vifaa vilivyofichwa. Poti za zamani zitaonekana kwa rangi iliyofifia. Zifute, kisha uirudishie kebo namba yake ya COM katika mipangilio ya ndani ya poti. Jambo hili lina uzito kwa wenye programu za zamani, kwani nyingi kati ya hizo hushindwa kufungua poti yenye namba inayozidi COM9.

Kwa kebo za PL2303 tatizo ni la aina nyingine. Microsoft ilikoma kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na wengi waliohamia Windows 11 wamekuta alama ya pembetatu ya manjano kwenye kebo iliyowafaa kwa miaka mingi, pamoja na ujumbe kwamba PL2303HXA, toleo mojawapo la chipu hiyo, iliachwa tangu 2012 na kwamba wawasiliane na muuzaji wao. Chipu haijaharibika, draiva mpya ndiyo inayoikataa. Inawezekana kuchagua draiva ya zamani kutoka katika orodha iliyomo ndani ya kompyuta, na poti hurudi papo hapo, lakini Windows Update inaweza kuileta tena ile mpya wakati wowote. Kwa mtu ambaye mizani yake ikinyamaza malori husubiri getini, siioni hiyo kuwa tiba.

Katika Ubuntu 22.04, iliyotolewa Aprili 2022, kebo ya CH340 huonekana na kutoweka: amri ya dmesg, inayosoma kumbukumbu za mfumo, huonyesha ttyUSB0 (jina la poti katika Ubuntu) ikiundwa, kisha ikiondolewa mara moja. Anayeichukua ni brltty, programu inayowawezesha wasioona kutumia vifaa vya nukta nundu, kwa sababu namba za mtengenezaji na bidhaa za CH340, yaani 1a86:7523, zimo katika orodha ya vifaa inavyovihudumia. Kuiondoa brltty humaliza tatizo. Hata hivyo, ikiwa kompyuta inatumiwa pia na mtu asiyeona, si haki kumnyang'anya nyenzo yake ya kusomea kwa ajili ya kebo. Afadhali kuizima ile kanuni moja inayotaja namba hizo katika udev, sehemu ya Linux inayoamua la kufanya kifaa kinapochomekwa. Kebo ya FT232R haikunisumbua kwa namna hiyo. Na ikiwa ttyUSB0 ipo ila programu inakatazwa kuifungua, hapo poti haijapotea: mtumiaji aongezwe katika dialout, kundi la wanaoruhusiwa kutumia poti za siriali, atoke, aingie upya.

Kebo hii ina kasoro zake. Bei yake huzidi ya CH340 kwa mbali, na draiva ya Windows husubiri hadi milisekunde 16 kabla ya kupeleka vipande vidogo vya data, muda ambao ni mrefu kwa vidhibiti vya mitambo vinavyojibizana haraka; unaweza kuupunguza katika mipangilio ya poti. Zito zaidi ni bidhaa bandia. Mwaka 2014 draiva ya FTDI iliyosambazwa kupitia Windows Update ilibadilisha namba ya bidhaa katika chipu za kuiga ikawa sifuri, na kebo za watu wasio na hatia zikaacha kutambuliwa. Kampuni iliiondoa draiva hiyo baada ya malalamiko, lakini aliyeumia zaidi alikuwa mnunuzi asiyejua alichouziwa.

Kwa hiyo naipendekeza kwa kazi isiyoruhusu kusimama, kwa sharti inunuliwe kwa muuzaji anayetaja chipu kwa maandishi na kukubali kuirudisha. Ichomeke dukani kabla ya kulipa: Device Manager inapaswa kuonyesha VID_0403 (namba ya mtengenezaji) na PID_6001 (namba ya bidhaa), na amri ya lsusb katika Ubuntu ionyeshe 0403:6001. Namba hizo zinaweza kuigwa pia, kwa hiyo risiti itunzwe.